Sahihi ya Komeo

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi karibu nusu ya umri wake, kila mtu alimwita Komeo, na kila mtu alidhani anajua kwa nini. Alikuwa mtunza stoo. Funguo zote zilining'inia kiunoni mwake: za chumba cha rangi, za chumba cha misumari, za kile kichumba cha nyuma kilichojaa vitasa, bawaba na makomeo ya milango. Mtu akitaka hata skrubu ilibidi apite kwake, naye haitoi mpaka aulize inakwenda kufunga nini. Basi jina likaonekana limempata mwenyewe. Wauzaji wapya walilikuta, wakalirithi pamoja na aproni, na hakuna aliyewahi kuuliza lilitoka wapi.

Lilitoka uwanjani. Kabla ya stoo, kabla ya nywele kumtoka, mtu huyu alikuwa golikipa. Tena si golikipa wa mtaani. Wa timu kubwa, ile iliyokuwa ikijaza uwanja mpaka watu wanapanda ukutani. Alikaa benchi miaka, akibeba mipira zaidi ya alivyoidaka, hadi kipa wa kwanza alipovunjika vidole katikati ya msimu. Siku ile kocha alimtazama kama mtu anayetazama mwavuli uliotoboka na mvua imeshaanza, akasema, "Haya, ingia wewe." Akaingia, na hakutoka mpaka msimu ulipokwisha. Hakuwa mrefu, lakini alikuwa akisoma nyonga ya mpigaji kabla mguu haujafika kwenye mpira. Mashabiki waliokaa nyuma ya lango ndio waliompa jina. Kona ikitaka kupigwa walianza kuimba, "Komeo, funga! Komeo, funga!" na yeye akisikia hivyo, alikuwa akisema, hakujua tena kama miguu inagusa chini.

Msimu huohuo kiwanda kimoja cha biskuti kilianza kutia kadi za wachezaji ndani ya pakiti. Yake ilipigwa picha saa za jua kali: amekumbatia mpira kifuani, jicho la kushoto limefumba nusu. Nyuma ya kadi waliandika urefu wake, wakauongeza. "Sikuwakosoa," alikuwa akisema. "Kiwanda kizima kikiniona mrefu, mimi ni nani nibishe?"

Mwaka uliofuata haukufika mbali. Alitoka langoni kuupiga ngumi mpira wa kona, akagongana na beki wake mwenyewe, na goti likageukia upande ambao goti haligeukii. Timu ilimpa mkono na begi. Nyuma ya lango watu wakaanza kumwimba mwingine. Baadaye timu yenyewe ikafa kwa ugomvi wa viongozi, uwanja ukazungushiwa mabati, ukageuzwa maghala.

Alichobaki nacho kutoka enzi zile ni mke na kadi moja, na kadi ndiyo iliyomletea mke. Wakati huo alikuwa msichana mfanyakazi wa kiwanda kilekile cha biskuti. Kazi yake kutumbukiza kadi juu ya biskuti kabla mashine haijaziba karatasi. Nyuso za wachezaji zilipita mbele yake kutwa nzima, na ule wa jicho moja ukamchekesha. Akaitia kadi hiyo mfukoni, jambo lililokatazwa, na siku ya mechi akaenda kusimama kwenye geti la wachezaji. Washambuliaji walipita wakizongwa na mashabiki. Kipa akatoka wa mwisho, peke yake.

"Nitilie sahihi," msichana akamwambia, akimpa kadi na kalamu.

"Niandike nini?"

"Jina lako. Au unataka kuandika langu?"

Akaandika "Komeo" kifuani pa picha yake, na kwa wasiwasi mkia wa herufi ya mwisho ukamteleza, ukashuka hadi kwenye glavu. Walifunga ndoa goti likiwa bado na bandeji. Watu walimwambia msichana amechukua mali iliyovunjika. Akawajibu kwamba biskuti iliyovunjika ladha ni ileile.

Kadi ikakaa kwenye kioo cha kuvalia chumbani kwao, imechomekwa pembeni mwa fremu, ikila jua la dirishani kila asubuhi. Mwenyewe hakuitazama sana. Alikuwa na mkewe, na mkewe alimwona akicheza. Alikumbuka magoli ambayo mumewe ameshayasahau, yaliyoingia na yaliyokataliwa. Mume akidondosha kikombe jikoni, utasikia, "Na watu walilipa kiingilio kukutazama wewe!" Akirudi kazini amenuna kwa sababu kuna mzigo umekuja pungufu, mkewe humwambia, "Umefungwa moja tu, mechi bado." Ndiyo maana dukani hakuwahi kueleza habari za mpira. Mtu anayejulikana nyumbani kwake hana njaa ya kujulikana kwingine.

Kisha mkewe akaugua figo. Akawa mtu wa kwenda hospitali na kurudi, na safari moja akaenda asirudi.

Msiba haujapoa, mzee naye akaamka asubuhi na mkono wa kulia mzito kama si wake. Kiharusi kidogo, daktari alisema, ashukuru hakikumchukua mdomo. Mkono ulirudi, lakini ulirudi na mtetemo, na stoo haitunzwi na mkono unaomwaga skrubu. Dukani wakamwandalia soda na keki ya kumuaga. Meneja, kijana mwenye adabu zake, akasimama akasema, "Huyu mzee wetu tulimwita Komeo kwa sababu tangu ashike funguo, hakuna hata komeo moja lililopotea stoo." Watu wakapiga makofi, mmoja wa wauzaji alifuta machozi ya kweli. Mzee akafungua mdomo ili amsahihishe. Akazitazama zile nyuso moja moja, akaona hakuna hata mmoja ambaye angejua anazungumzia nini. Akasema asanteni sana, akaketi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyekuwa akiuza dawa kwenye famasi. Yeye ndiye aliyekuja kumchukua siku hiyo. Njiani mzee akasema, "Mama yako angekuwepo, angesimama pale akawaambia."

"Si ungewaambia wewe, Baba?"

"Mtu hajitolei ushahidi mwenyewe, mwanangu."

Maneno hayo yalimkaa binti. Alikuwa amehamia kwa baba yake tangu msiba, na alimwona anavyozidi kupungua: hanyoi ndevu, hafungui dirisha, anakula kama anayelipa faini. Ndipo mteja mmoja pale famasi alipomtajia mtu anayeitwa Lenzi. Huyu zamani alikuwa mpiga picha za vitambulisho. Simu zilipoanza kupiga picha akahamia kwenye vitu vya kale, stempu, sarafu na kadi za wachezaji. Mara kwa mara alikusanya kadi za watu akazituma ng'ambo kwa wapimaji. Kazi ya wapimaji hao ni kuikagua kadi kama ni halisi, kuipa daraja kati ya moja na kumi, kisha kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Wakishasema, hakuna anayebisha.

Binti alipomweleza baba yake, mzee alitaka arudie hapo kwenye lebo. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda kuichomoa kadi kwenye kioo.

Duka la Lenzi lilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Ngazi zilikuwa za chuma na goti lilizilaumu zote. Lenzi, mtu mnene mwenye sauti laini, alimwamkia mzee shikamoo, akavaa glavu nyembamba, akaiweka kadi chini ya taa na kuinamia kioo chake cha kukuzia. Mzee akakaa mbele yake kama mgonjwa anayesubiri majibu.

"Pembe hii imelala," Lenzi akasema. "Ilichomekwa mahali?"

"Kwenye kioo cha kuvalia."

"Na rangi imeliwa na jua. Picha nayo haikukaa katikati, ila hilo ni kosa la kiwanda. Mzee wangu, nisikudanganye. Hii wakiipa tatu, shukuru. Watu wote wanapanda ngazi zile na kumi kichwani, wanashuka na nne mkononi."

"Sitaki namba."

"Sasa wao si wanatoa namba? Wewe unataka nini?"

"Nataka waandike kwamba ni mimi."

Lenzi akainua uso. Akaitazama kadi, akamtazama mzee, akarudi kwenye kadi. Jicho la kushoto lilikuwa linafumba nusu hata pale kivulini.

"Eh! Kumbe ni wewe mwenyewe?" Akacheka hadi kiti kikalia. "Miaka yote hii sijawahi kuona kadi iliyokuja na mwenye sura yake!" Akamshika mkono kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba binti akamwona baba yake akikaa wima.

Lakini palikuwa na jambo la wino. Lenzi aliwafafanulia: kwa wapimaji, mtu akiandika juu ya kadi ameichafua, isipokuwa wakihakikisha kwamba maandishi ni sahihi ya mchezaji mwenyewe. Wakihakikisha, wanaitaja kwenye lebo. Ila wanahitaji sahihi nyingine ya kulinganisha.

"Mwenye mkono si huyu hapa?" binti akauliza.

"Ndivyo. Basi mzee, niandikie hapa, kama ulivyoandika pale."

Mzee akashika kalamu. Binti akamshikia karatasi isisogee. Mkono ukaanza vizuri, kisha ukashikwa na ule mtetemo wake, na herufi zikatoka kama zimeandikwa ndani ya lori linalokwenda. Lenzi aliitazama karatasi akasema haina neno, ataambatanisha barua ya kueleza kiharusi, na picha ya mzee akiwa ameshika kadi.

Siku za kungoja zilikuwa njema kupita kiasi. Mzee alinyoa ndevu. Alifungua dirisha. Kila binti akirudi kazini alimkuta mlangoni na swali lilelile, "Lenzi amepiga?" Alipoambiwa bado, alijituliza: "Wale ni wataalamu, hawakurupuki. Kazi yao ni kujua." Binti alimsikia akisema hivyo akaingiwa na hofu, kwa kuwa aliwahi kuwaona watu wa namna hiyo kaunta ya famasi, walioweka roho zao zote kwenye dawa moja.

Lenzi alipopiga simu, hakumpigia mzee. Alimpigia binti, akamwambia aje naye, asimwache apande ngazi peke yake. Walipofika waliikuta kadi mezani ndani ya kasha lake, imelazwa kifudifudi.

"Kadi ni halisi," Lenzi alianza. "Hapo hawana shaka kabisa."

"Na sahihi?" mzee akauliza.

Lenzi akaanza kuitafuta miwani yake mezani, nayo ilikuwa usoni. "Sahihi haikuthibitika. Wameilinganisha na ile tuliyowatumia, wanasema ni mikono miwili tofauti. Kwa hiyo namba hawakutoa. Wameandika tu..." Akaligeuza kasha, akawasomea kwa sauti ya chini. "Kadi halisi. Ina maandishi ya mtu asiyejulikana."

Binti akapandisha sauti. "Asiyejulikana vipi? Barua si uliwatumia? Picha je?"

"Dada yangu, barua hata mimi naweza kuandika kesho niseme ndiye niliyekuwa golikipa. Wale hawasikilizi maneno. Wanatazama wino."

Mzee alilichukua kasha, akalisogeza karibu na jicho lake zima. Kisha akasema, si kwa hasira, "Mkono wangu umenikana."

"Bado hatujashindwa," Lenzi akasema haraka. "Tutafute sahihi ya zamani. Picha uliyompa shabiki, shati ulilomwandikia mtu, chochote chenye 'Komeo' ya enzi zile. Tukikipata, tunairudisha kadi kwao."

Mzee akafikiri. Timu ilikufa na karatasi zake. Stoo alitia sahihi kutwa kucha, lakini kwa jina la kwenye kitambulisho.

"Hakuna," akasema.

"Jaribu kukumbuka, mzee wangu. Hata moja."

"Nimeshakumbuka. Niliandika hiyo tu. Hakuna mwingine aliyewahi kuniomba."

Lenzi alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Walirudi nyumbani na kasha. Mzee alijaribu kulichomeka kwenye fremu ya kioo. Lilikuwa nene mno, likaanguka. Akaliweka juu ya kabati, akalifunika kwa kitambaa, na binti akadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Jioni moja alirudi kutoka famasi akamkuta baba yake kwenye meza ya kulia, amezungukwa na kalenda za zamani zilizogeuzwa upande mweupe. Mkono wa kushoto umekikaba kifundo cha mkono wa kulia, na karatasi zote zimejaa neno moja: Komeo, Komeo, Komeo. Nyingine zilikuwa za kusikitisha. Nyingine zilikaribia. Lakini ule mkia wa herufi ya mwisho haukutokea hata mara moja. Ulitokana na wasiwasi wa kijana aliyesimama mbele ya msichana, na wasiwasi wa namna ile hauigizwi.

"Baba, unafanya nini?"

"Naitafuta."

"Achana nao, Baba. Mimi nakuamini."

"Najua unaniamini." Hakuinua kichwa. "Ulizaliwa nimeshaacha, utafanya nini zaidi ya kuamini? Mama yako hakuniamini. Alijua."

Binti akageuka akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Baba yake alisikia maji yakitiririka, na sufuria ikigongwa zaidi ya haja. Halafu maji yakafungwa, na binti akarudi akasimama mlangoni mikono imelowa.

"Na mimi nimefiwa," akasema. "Unavyokaa hapo, ni kama marehemu alikuwa wako peke yako. Mimi nilimpoteza mama, Baba. Hakuna aliyeniuliza nimelalaje."

Mzee akaiweka kalamu chini. Ilikuwa kweli, na alijua kuwa ni kweli. Siku ya mazishi watu walimpa yeye mkono wa pole, na yeye akaupokea wote, kama urithi.

"Pole, mwanangu," akasema. Lilikuwa neno dogo, na limechelewa, lakini binti alilipokea akavuta kiti.

Wakakaa. Baadaye binti akasema, "Basi nisimulie. Ile mechi Mama aliyokuwa akiisema sana, ya penalti." Mzee akaanza vizuri. Akaeleza mvua iliyonyesha, na tope golini, na mpigaji mwenyewe alivyokuwa akitafuna kitu. Kisha akakwama. Hakukumbuka penalti ilipigwa kushoto au kulia, wala kama timu ilishinda. Sehemu hiyo siku zote aliimalizia mkewe. Alitazama kiti cha upande wa pili wa meza, akasema, "Subiri, litakuja." Halikuja.

Hakuirudisha kadi kwa wapimaji. Lenzi aliomba aiweke kwenye kabati lake la vioo, si ya kuuzwa, ya kutazamwa tu, na mzee akakubali maana nyumbani hakujua aiweke wapi. Ikawa desturi yake kwenda pale na binti yake siku famasi ikifungwa mapema. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akiangalia watu wakipanda na kadi za wengine.

Siku moja akapanda mtu mzima mwenye kofia, anatafuta mkanda wa saa ya zamani. Wakati Lenzi akipekua droo, mtu yule akapitisha macho kwenye kabati, akashtuka.

"Heee! Komeo huyu!"

Binti akamtazama baba yake. Mzee alikuwa ameshikilia mikono ya kiti.

"Nilikuwa nakaa nyuma ya lango lake," mtu yule akaendelea, anazungumza na yeyote. "Mfupi, lakini paka! Kuna mpira aliutoa kona ya juu kabisa, mimi nilishasimama kulia bao. Mpaka leo sijui aliufikiaje."

Lenzi akafungua mdomo. Mzee akamwinulia kidole: nyamaza.

"Alikuwa mzuri?" mzee akauliza.

"Wewe! Angekuwa mbali huyu. Basi tu, wazuri hawadumu. Si lile goti? Waliposema damu imeganda, hakumaliza hata wiki. Tulilia. Tulichanga na rambirambi, watu wa nyuma ya goli wote, tukampa katibu wa timu apeleke kwao. Sijui kama ilifika."

"Haikufika," mzee akasema.

"Ulimjua?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Binti alimsubiri aseme. Lakini mzee alikuwa ameshaliona litakalofuata: mtu yule angecheka, angebisha, angetaka uthibitisho, na uthibitisho ulikuwa pale kabatini ukisema asiyejulikana. Hakutaka kumwona mtu huyu, aliyempenda kwa dhati muda wote huo, akimtazama yeye kama tapeli.

"Kidogo," akajibu. "Tulikuwa jirani."

"Basi Mungu amlaze pema," mtu yule akasema. Akavua kofia kidogo mbele ya kabati, akalipia mkanda wake, akashuka.

Nao wakaaga baadaye kidogo. Walipofika chini, mbele ya duka la viatu, mzee akaanza kucheka. "Rambirambi!" akasema. "Yule katibu mwizi! Amekula rambirambi yangu!" Binti naye akacheka, wakacheka wote wawili hadi wapita njia wakawageukia. Kisha kicheko cha mzee kikabadilika katikati. Mabega yakaendelea kutikisika lakini sauti haikuwa tena ya kucheka, na binti akamwahi kiwiko kabla hajaegemea rafu ya viatu.

Mwenye duka alitoka na kigoda. "Mzee anaumwa?"

"Hapana, dada. Amefiwa."

"Jamani, poleni. Lini?"

Binti akahesabu miezi tangu mama yake afariki, kisha akakumbuka rambirambi ya Komeo, iliyochangwa kabla yeye hajazaliwa. Akatikisa kichwa tu. Mwenye duka hakuuliza tena. Akawaletea maji, akarudi kwa wateja wake. Mzee alikaa kwenye kigoda uso ameuinamisha, binti amechuchumaa mbele yake akimfuta kwa leso, wala hakumwambia anyamaze. Walikuwa bado hapo mwenye duka alipoanza kuingiza viatu ndani, jozi kwa jozi, akiwapitia pembeni taratibu asiwasumbue.